Jicho la Kushoto na Zile Siku Tatu

Kibandani kwangu,
Jumatano mchana, wateja bado.

Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili kwa ajili ya zile wiki saba ambazo kalamu yangu ilikuwa kimya, maana najua umeshanisema kwa kila muuguzi wa wodi yako kwamba mdogo wako siku hizi ni bwana mkubwa, haandiki. Una haki yako. Habari za afya? Habari za kazi? Bado watoto wanachagua kuzaliwa zamu yako tu, tena wote kwa mkupuo? Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima na anakusalimu mara nyingi kuliko zinavyoweza kuandikika. Wanao wazima. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na amegundua kwamba pengo linapiga mluzi, basi nyumba nzima hatusikilizani.

Niseme mapema, usije ukasoma roho ikiwa juu: niliugua, nimepona, na ninapoandika hapa naona kila mstari kwa macho mawili. Yanayofuata ni maelezo tu. Kaa chini, weka chai karibu, na nakuomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Ukishafika, kasirika utakavyo, mimi nitakuwa mbali.

Ilianza na homa. Nilitetemeka siku tatu, kichwa kinagonga, viungo kama nimebebeshwa magunia ya sokoni. Wifi yako alitaka twende hospitali tukapime. Mimi unanijua, nikajifanya daktari. Nikapitia duka la dawa, nikanunua vidonge vya malaria bila kupima chochote, nikavimeza, na siku ya nne homa ikakatika. Wee! Nilitamba! Nilimwambia fundi viatu wa kibanda cha pili kwamba hospitali ni kwa watu wasioijua miili yao. Wiki moja baadaye homa ikarudi. Nikameza tena, ikaondoka tena, nikatamba tena. Kumbe, dada, ilikuwa inaondoka kwa hiari yake na kurudi kwa hiari yake, mimi hapa katikati najipa sifa zisizo zangu. Ilinifanyia hivyo mara tatu.

Baada ya ile ya tatu, jicho la kushoto likawa jekundu. Mtaani kila mtu akanipa ugonjwa wake. Mmoja alisema ni macho mekundu ya msimu, mwingine akasema ni moshi wa jiko, na fundi viatu, ambaye mdomo wake hauna breki, alitangaza kwamba ni pombe, wakati anajua fika sijawahi kuonja. Mimi nikanawa maji ya chumvi, nikaendelea na kazi.

Sasa hapa ndipo penye kituko, na kituko chenyewe kingeweza kumpata fundi saa peke yake. Wewe umewahi kuniona nikiwa kazini. Kile kioo cha kukuzia nakibana kwenye jicho la kulia, na la kushoto nalifumba. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili, asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo jicho la kulia ndilo linalolisha familia. La kushoto lipo lipo tu. Basi lilipoanza kupoteza nuru, mimi sikujua! Nilifungua saa, nikasafisha, nikarudisha magurudumu yake madogo mahali pake, nikamkabidhi mteja, kila kitu sawasawa. Kumbe nusu ya dunia yangu ilikuwa inazama kwenye ukungu, na mwenye dunia hana habari.

Aliyegundua ni wifi yako, na aligundua kwa chai. Siku hiyo nilikuwa nawamiminia wageni. Nikainua birika kwa mbwembwe zangu zile, nikamimina, na chai yote ikaenda kwenye kitambaa cha meza, kando ya kikombe kabisa, kama upana wa vidole viwili. Wageni wakacheka, nami nikacheka. Wifi yako hakucheka. Alikumbuka kwamba wiki ile nilikuwa nimegonga fremu ya mlango mara mbili, zote upande wa kushoto. Wageni walipotoka akanikalisha kwenye kiti, akaziba jicho langu la kulia kwa kiganja chake, akaniuliza anaonyesha vidole vingapi. Nikamuuliza vidole viko wapi.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Daktari ni mama mmoja mfupi, ana sauti ya upole lakini maswali yake hayana upole hata kidogo. Aliniwekea kidevu kwenye kile chuma chao, akanimulika mpaka machozi yakanitoka. Alisema haya si macho mekundu ya msimu. Yale huleta matongotongo, na mimi sikuwa nayo. Wekundu wangu ulikuwa umeizunguka sehemu nyeusi ya jicho kama duara, mboni imesinyaa, na mwanga uliniuma. Alisema uvimbe uko ndani ya jicho, na jicho halivimbi ndani bila sababu. Mara nyingi linatoa habari za mahali pengine mwilini. Akauliza kama nimepata homa. Nikamsimulia homa zangu tatu na jinsi nilivyozitibu mwenyewe. Alinitazama, nikajua nimeshaharibu.

Kisha akaniuliza kama kabla ya homa ya kwanza nilikuwa nimelala mahali pengine mbali na nyumbani. Nyumba ya zamani, pengine? Sakafu ya udongo, kuta zenye nyufa? Alieleza kwamba kuna kupe wadogo, papasi, wanaoishi kwenye nyufa za namna hiyo. Hutoka mtu akiwa amelala, humuuma bila yeye kuhisi, wakishiba wanarudi zao nyufani. Wanachokiacha kwenye damu huleta homa ya kuja na kuondoka, na ikiachwa bila dawa inaweza kupanda hadi machoni.

Dada, jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelala mahali pa namna hiyo hiyo, siku tatu. Lakini wifi yako alikuwa amekaa pale pembeni, na yeye nilikuwa nimemwambia kwamba siku zile tatu nilikwenda kutengeneza saa kubwa ya ukutani ya kiwanda fulani. Nikamwambia daktari nililala gesti. Nikaona haitoshi, nikatia chumvi: gesti safi, sakafu ya vigae, feni ya darini, kitanda chenye mito miwili.

Daktari akafuta alichokuwa ameanza kuandika. Alisema kama ni hivyo, kwa sasa ataacha kipimo cha damu na kunipa matone ya jicho, lakini homa ikirudi nirudi siku hiyo hiyo. Tukatoka. Tulipokaribia nyumbani wifi yako akauliza, kwa utulivu kabisa, mtu mmoja analalia vipi mito miwili.

Wiki iliyofuata sitaisahau. Hakunigombeza hata mara moja. Alinikaribisha chakula kwa adabu za mtu anayemhudumia mkwe, akaniuliza kama chumvi imekolea, akaninyooshea shati, akanitilia matone kwenye jicho kwa saa zake kamili bila kunigusa uso hata kwa ncha ya kidole. Ningefurahi zaidi angenirushia mwiko. Nilijua anachokiwaza, na kila nilipotaka kufungua kinywa nilikumbuka kwa nini nilikifunga, nikakifunga tena. Sababu yenyewe ni wewe, lakini hilo vuta subira kidogo.

Matone yalinipa nafuu ya siku chache. Ndipo asubuhi moja nikiwa hapa hapa kibandani, saa ya mkononi ya mteja mmoja, saa ya kike, ndogo kama ukucha, iko wazi mbele yangu, nikahisi baridi ya homa inapanda mgongoni. Nikajikaza. Nikachukua skrubu kwa kibano. Mwanga wa dirishani ukanichoma, na safari hii haukulichoma jicho la kushoto. Ulichoma la kulia. Skrubu ikaponyoka. Nikaitafuta mezani, nikaitafuta magotini, nikainama sakafuni, na sikuiona. Mimi! Mimi ambaye skrubu ikianguka naisikia imeangukia upande gani!

Niliogopa, dada. Sijawahi kuogopa hivyo tangu siku tulipomzika mama. Niliwaza wanangu, niliwaza ada zao, niliwaza kwamba sijui kazi nyingine yoyote chini ya jua, na kwamba nayatoa macho yangu sadaka kwa sababu ya uongo mmoja wa mito miwili. Nikafunga kibanda saa nne asubuhi, fundi viatu akanishika mkono kunivusha barabara, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno.

Daktari aliponiona hakuuliza habari za gesti. Nadhani hakuwahi kuiamini ile feni ya darini. Nikamweleza nilikolala, na nikamwomba asimwambie mke wangu. Akaniambia kwamba yeye anatibu macho, siri za ndoa hazimo kwenye kazi yake, ila mtu anayemficha daktari anafanana na mtu anayempelekea fundi saa mbovu na kumwambia ni nzima. Watu wa namna hiyo mimi huwafukuza dirishani.

Wakanitoboa kidole homa ikiwa juu, maana alisema wadudu wanaoachwa na papasi huonekana vizuri kwenye damu homa inapopanda, ikishuka wanajificha. Mtu wa maabara alikaa na hadubini yake kwa muda, kisha akamwita daktari, daktari akachungulia, wakatabasamu kama waliookota dhahabu. Mtu wa maabara alipojua mimi ni fundi saa, akaniita nami nichungulie. Nikaweka jicho la kulia, likauma lakini likaona. Dada, walikuwa wamejikunja kama kamani, zile springi za ndani ya saa ya kike, nyembamba kuliko unywele, zimetawanyika kati ya chembe za damu. Miaka ishirini na miwili nashika kamani kwa kibano, kumbe nyingine zinaogelea mwilini mwangu! Nilicheka pale pale na homa yangu. Nilicheka kwa sababu kitu chenye jina kina dawa.

Daktari alinionya kwamba dozi ya kwanza itaniamshia homa kali kabla ya kuizima, kwa hiyo nilazwe, na ndugu aje. Ndugu ni nani kama si wifi yako? Alikuja mbio, kanga moja imegeuzwa ndani nje, akanikuta natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Adabu zote za wiki nzima ziliishia mlangoni. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema kama kuna mwanamke mwingine aje huyo mwanamke amsaidie kushika beseni, lakini mimi nisife. Basi nikamwambia kila kitu, meno yakigongana, na sasa nakuambia na wewe.

Hakukuwa na kiwanda. Siku zile tatu nililala nyumbani kwetu, dada. Kwenye nyumba ya baba na mama, chumba cha nyuma, sakafuni, juu ya mkeka. Ulipoandika kwamba mwisho wa mwaka huu unastaafu, kwamba unarudisha funguo za nyumba ya kazi na utatafuta chumba cha kupanga popote, niliisoma barua ile mara tatu na mara zote tatu nilishindwa kumaliza chai. Mtu aliyeniosha, aliyenivusha darasa hadi darasa, aliyeninunulia kibano changu cha kwanza, akapange chumba popote? Haiwezekani. Nikamtafuta Pimamaji, yule fundi mwashi tuliyesoma naye, tulimpa jina hilo la kipimo cha usawa cha waashi kwa kuwa hata sahani ya chakula huiweka sawa kwanza. Tukaenda kupima kuta, kutoa paa lililoanguka, kuhesabu matofali. Yeye mjanja, alikwenda kulala kwa shemeji yake. Mimi nikataka kulala pale ulipokuwa ukinilaza. Papasi wa kwetu walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nilitaka usijue mpaka siku ya kukabidhiwa. Na ili usijue wewe ilibidi asijue wifi yako, maana ninyi wawili, nisamehe, ni sikio moja: nikipiga chafya huku, wewe unaniuliza kwa barua kama nimepata shali. Hivyo nikamdanganya yeye ili nikufiche wewe, na nikamdanganya daktari ili nimfiche yeye, na nusura nilipie kwa macho yote mawili. Hilo ndilo kosa langu. Limekaa wazi mbele yako, libebe unavyotaka.

Wifi yako aliposikia, kwanza alicheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumuuliza nani mgonjwa kati yetu. Halafu akalia. Halafu akakasirika, tena sana, kwamba nilimwona hawezi kutunza siri. Na kwa hasira hiyo akanitolea moja aliyokuwa ameitunza miaka miwili.

Aliniambia kwamba uliwahi kwenda kwetu peke yako. Kwamba ulichukua likizo ya siku mbili ukatuambia una semina, ukaenda, ukasimama mlangoni, ukaona paa limelala chini, na hukuingia. Ukageuza njia ile ile. Ukamwambia yeye tu, kwa sababu ilibidi umwambie mtu, na ukamwapisha asiniambie mimi nisije nikajinyima kwa ajili yako. Miaka miwili amenitilia chai, amenisikiliza nikikuita mwanamke wa chuma, na hakufungua mdomo. Dada, nililala kwenye kile kitanda cha hospitali, nikageuza uso ukutani, na muuguzi akafikiri ni homa.

Nilipona. Vidonge siku kumi, matone ya aina mbili, na homa haikurudi tena. Jicho la kulia lilitulia ndani ya siku nne. La kushoto lilichukua muda, ukungu ukawa unapungua kidogo kidogo, na Jumatatu ya wiki iliyopita daktari alinisomesha ule ubao wa herufi nikiwa nimeziba la kulia. Nilishuka mstari kwa mstari mpaka wa mwisho kabisa, zile herufi ndogo kama skrubu zangu, na nilipomaliza nikaendelea kusoma jina la kiwanda lililochapwa chini ya ubao. Daktari alipiga makofi. Wifi yako alipiga vigelegele kliniki nzima, wagonjwa wengine wakaitikia bila kujua ni vya nini. Tangu siku hiyo nalifungua jicho la kushoto kila baada ya saa moja ya kazi, nalipa nafasi ya kutazama barabara, na kusema kweli barabara hii ina mambo mengi nilikuwa siyaoni.

Na nyumba? Daktari alitaka kila aliyelala mle aambiwe, kwa hiyo niambie kwa kweli: ulisimama tu mlangoni, au ulikaa? Ukiwa umewahi kupata homa ya kuja na kuondoka, wewe ni mkunga, unajua pa kwenda. Bwana afya alikuja na watu wake, wakapulizia dawa kila pembe. Pimamaji akaibomoa sakafu yote ya udongo, akamwaga zege, akapiga lipu kuta mpaka hakuna ufa wa kupitisha unywele. Paa limekaa. Wifi yako amechagua rangi ya dirisha bila kuniuliza, na sasa kila Jumamosi anakwenda kuwasimamia mafundi, wanamwogopa kuliko mvua.

Lakini juzi, nikiwa nimesimama mle ndani, nikagundua jambo la ajabu. Katika hekaheka zote hizi, mimi na wewe tumefichana mambo kwa mapenzi mpaka nimesahau kukuuliza swali moja jepesi, ambalo ningepaswa kukuuliza kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Nakuuliza leo: dada, unataka kurudi nyumbani? Usinijibu kwa kunihurumia, na usimtumie jibu wifi yako. Niandikie mimi. Ukikataa sitanuna, tutapata mpangaji, na mimi nitakuwa nimebaki na macho yangu mawili. Ukikubali, mlango hauna kufuli bado. Safari hii usiishie hapo, ingia.

Wanao wanakuamkia, na yule wa pengo ameniomba nikuandikie kwamba mluzi wake sasa unafika nyumba ya tatu. Fundi viatu anakusalimu. Ameshaanza tena kusema. Wifi yako amesoma barua hii juu ya bega langu na ameniamuru nifute pale nilipoandika ninyi ni sikio moja. Sifuti.

Wako mdogo, mwenye macho mawili,
Fundi Saa.